Hodi ya Mama Salama

Bi Latifa alikuwa na maagizo mengi kuhusu kifo chake, na karibu yote aliyatoa huku akicheka. Alikuwa mshonaji wa kofia za kushonwa kwa mkono pale Muyinga, mtaa wa Waswahili, na mtu anayeshona kofia ana muda mrefu wa kuwaza. Hakutaka watu wapige mayowe. Hakutaka msibani kwake upikwe wali mbichimbichi, maana watu wangekula halafu wamseme yeye. Lakini lilikuwapo agizo moja ambalo hakulicheka, na kila binti yake Nuru alipokwenda kumsalimia alilirudia.

"Mi utaniosha we mwenyewe. Na maji uyapashe. Hapa kwetu iko baridi, na wale wamama wa mtaa watanimwagia maji ya robine tu, ya bomba hivyo hivyo, juu wako na haraka. We utapasha."

"Mama, maiti hasikii baridi."

"We ulishakufa mara ngapi?"

Nuru alicheka, akaahidi. Kisha akaahidi tena safari iliyofuata, na iliyofuata, mpaka ahadi yenyewe ikawa sehemu ya kuagana kwao, kama kufungiwa ndizi za kwenda nazo. Alikuwa mtoto pekee. Hakukuwa na mwingine wa kupokea zamu hiyo.

Nuru mwenyewe alikaa Gitega, alikopanga vyumba viwili, na riziki yake ilikuwa kutengeneza programu za tovuti. Alitengenezea maduka, alitengenezea shule, na bila malipo alikitengenezea Chama cha Sanda. Hicho ni chama cha familia za Kiislamu za Gitega na Muyinga; mtu akifa, chama kinaleta sanda, kinachimba kaburi, kinatafuta waoshaji. Ni chama cha wafanyabiashara, mafundi cherehani na wauza mikate, watu wanaojua kuwa kwao maiti hailazwi, mtu akifa asubuhi anazikwa kabla jua halijazama.

Sasa, watu hawa wana desturi yao moja. Habari ya kifo cha mzazi haitolewi kwa simu. Inasemekana zamani kijana mmoja aliambiwa kwenye simu kuwa baba yake amefariki, naye yuko juu ya baiskeli kwenye mteremko na mikungu ya ndizi nyuma. Wiki hiyo chama kilichimba makaburi mawili. Tangu hapo, mtoto aliye mbali hutumiwa mtu mzima anayekaa karibu naye. Mtu huyo hufika kwa miguu, hubisha hodi, huketi, humkalisha na mtoto huyo kando yake, ndipo aseme. Kila mwanachama anapojiandikisha anataja nani atakwenda kumbishia mtoto wake. Bi Latifa alimtaja Mama Salama, rafiki yake wa tangu utoto, aliyeolewa Gitega na sasa ni mjane anayeuza vitenge kwenye masoko ya huko.

"Huyo ana mikono ya moto," Bi Latifa alisema alipoulizwa kwa nini yeye.

Nuru aliichukua desturi hiyo akaiingiza kwenye kompyuta. Alitumia Django, zana ya kutengenezea tovuti, ambayo ina uzuri wake mmoja: inakupa ukurasa wa msimamizi uliokwisha kutengenezwa, nawe unaongeza unachotaka. Mzee Shabani, katibu wa chama kule Muyinga, alikuwa akipata habari ya kifo anafungua ukurasa wa marehemu, anajaza saa na mahali, anabonyeza Hifadhi. Hapo hapo ujumbe unaruka kwenda kwenye simu ya mbisha hodi: jina la marehemu, jina la mtoto, na maneno ambayo Nuru aliyatunga akiwa anajifikiria mwenyewe. *Nenda kabishe hodi. Anayeosha awahi.*

Mambo yalikwenda vizuri hadi chama kilipoamua kuingiza na majina ya wazee wote wa zamani, ili vizazi vyao vijulikane. Majina yalipoingia, yaliingia yote kama watu hai. Mzee Shabani akapiga simu, sauti imejaa malalamiko.

"Nuru, donc mi nifungue mutu moja moja? Hawa walikufa kabla yako kuzaliwa! Hii ordinateri inaniuliza: alikufa saa ngapi, alikufa wapi, nani atabisha hodi. Polisi ya barabarani haiulizi hivi."

Alikuwa na haki. Tena lilikuwapo jambo baya zaidi ambalo mzee hakulifikiria: kila alipohifadhi mmoja wa wazee wale, ujumbe ungeruka. Watu wazima wa Gitega wangekurupuka kwenda kubisha hodi kwenye nyumba zilizomaliza kulia miaka mingi iliyopita. Nuru aliwaza uso wa Mama Salama amefika mlangoni kwa mtu kumpa pole ya babu, akaona hilo haliwezekani.

Kwa hiyo akaandika kitendo cha jumla. Ni kazi ndogo kwa anayeijua. Katibu anaona majina yamepangwa, kila jina na kisanduku chake. Anatia tiki majina anayotaka, anafungua menyu iliyo juu, anachagua "Weka marehemu", anabonyeza Nenda. Programu inawabadilisha wote kwa mkupuo mmoja moja kwa moja kwenye hifadhi ya data, bila kupita mmoja mmoja kwenye ule mlango wa Hifadhi ambako ndiko ujumbe unakotokea. Kimya kabisa. Nuru alikitaka kile kimya, na alijisifu nacho. Mwishoni aliweka mstari wa kijani unaomwambia katibu kwamba kazi imekwisha.

Mwanzoni alikuwa ameweka na ukurasa wa katikati, wa kuuliza kabla ya kutenda: *Hiki ni kwa marehemu wa zamani tu. Hakuna atakayepelekewa habari. Una hakika?* Mzee Shabani aliuona akapiga simu tena.

"Swali ingine? Nuru, yoo, unataka kuniua nami unitie tiki?"

Walicheka wote wawili. Nuru akauondoa ukurasa. Alimweleza kwa mdomo kuwa kitendo kile ni cha wazee wa zamani tu, na mzee akaitika ego, ego, yaani ndiyo, ndiyo, kama mtu anavyoitika akiwa na mteja mbele yake. Kwenye menyu yakabaki maneno mawili tu, "Weka marehemu", yasiyosema ni marehemu yupi.

Lawama tutaigawa vipi hapo, mimi sijui. Mzee aliwamaliza wale wa zamani, na mkono ukazoea. Tiki, chagua, Nenda, kijani. Aliyefuata kufa pale Muyinga alikuwa na watoto wake wote nyumba ile ile, hodi haikuhitajika, kwa hiyo hakuna aliyegundua kuwa ujumbe haukuruka. Njia ndefu ya kufungua ukurasa na kujaza majibu aliisahau kama watu wanavyosahau njia ya mzunguko wakishajengewa daraja.

Halafu ikaja siku ya Bi Latifa. Alianguka alfajiri akiwa anatawadha, na mdogo wake Hidaya, aliyekuwa akikaa naye, alipofika uani alikuta birika limelala na maji yanaendelea kumwagika. Hakukuwa na cha kufanya. Hidaya alimtuma jirani kwa katibu, na Mzee Shabani, mtu wa kazi, akafungua kompyuta kabla ya kufungua duka. Akatia tiki. Akachagua. Akabonyeza. Mstari wa kijani ukatokea. Akafunga, akaenda kutafuta sanda.

Siku hiyo Nuru alishinda kazini, ameketi akitengeneza tovuti ya duka la vyombo. Alikunywa chai. Aligombana kidogo na mwenye duka juu ya rangi. Baada ya alasiri alikumbuka kuwa chama kilimwomba aongeze kichujio cha kutenganisha wanachama wa Gitega na wa Muyinga, akafungua ukurasa wa msimamizi, akachagua Muyinga ili aone kama kinafanya kazi. Jina la mama yake lilikuwa pale, na mbele yake neno *marehemu*.

Alicheka kwa sauti. Ndiyo, alicheka, na hilo hatalisahau. Alijua kabisa kilichotokea: mzee amekosea kisanduku cha kutia tiki, na mtu mzima wa watu amezikwa kwenye kompyuta. Akachukua simu ampe mzee maneno yake.

"Mzee Shabani! Umenizikia mama akiwa mzima? Leo atakushona mdomo kwa sindano ya kofia, mi nakuambia!"

Upande wa pili kulikuwa na upepo na sauti za wanaume wengi wakitembea. Mzee hakucheka.

"Nuru," alisema. "We uko wapi?"

"Niko Gitega. Nitakuwa wapi?"

"Mama Salama hakufika kwako?"

Nuru alisikia mtu nyuma ya mzee akisoma dua. Akaelewa, na bado akauliza.

"Mama Salama afike kufanya nini?"

"Mi nilibonyeza, mwanangu. Asubuhi mapema. Ikaandika kijani." Sauti ya mzee ilikuwa imeanza kuvunjika. "Tulikungoja. Tulitoka kuswali adhuhuri tukasema tungoje alasiri, mtoto iko njiani. Hidaya alikataza watu kukupigia, juu mutu akiwa njiani na msiba haisumbuliwi. Sasa ndio tunatoka makaburini."

Nuru aliweka simu mezani. Mbele yake kompyuta ilikuwa wazi, imetii kila alichoiandikia.

Mafuta yalikuwa ya shida msimu huo, magari yamelala kwenye foleni za vituo, lakini Crispin, dereva wa mtaani kwao, alikuwa ameweka kidumu cha akiba kwa ajili ya harusi ya dada yake. Alikimimina chote bila kuuliza. Walipita njia ya Karuzi, na Nuru hakulia. Alikuwa anapiga hesabu isiyo na faida: kama angeambiwa asubuhi angefika kabla ya adhuhuri, angekuta mkaa, angewasha, angepasha. Alipasha maji yale kichwani mwake mlima hadi mlima, na kila yalipochemka aliyaanza upya.

Walifika wakati wa magharibi. Wanawake walikuwa wamejaa uani, wakampisha alipoingia. Hidaya alisimama akamkumbatia, kisha akamsukuma kidogo ili amtazame vizuri.

"Tulikungoja sana, Nuru. We ulikawia wapi?"

"Sikuambiwa, mama mdogo."

"Ulikosa kuambiwa namna gani? Shabani alituma."

Nuru aliuliza alichokuja nacho kutoka Gitega.

"Maji mliyapasha?"

Hidaya alimtazama kama mtu asiyeelewa. "Maji gani?"

"Ya kumwoshea mama."

Wanawake wakatazamana. Hidaya alikuwa mkweli, hakuwahi kujua kupamba maneno, na hata siku ile hakujua. "Alasiri ilikuwa imetukaribia, mwanangu. Tulikinga ya robine. Yalikuwa masafi."

Nuru alikaa chini kwenye mkeka, kando ya ungo wa kofia za mama yake, moja ikiwa imeshonwa nusu na sindano bado imechomekwa, na hata hapo machozi hayakuja. Aliona baridi tu. Aliona baridi siku zote za matanga, amejifunika kitenge na kikoi, watu wakija na kuondoka. Mama Salama alifika keshoye kutoka Gitega, akalia na wenzake, akapika na wenzake, na mara nyingi Nuru alimkuta akimtazama kutoka jikoni, kisha anainamisha macho kama mtu mwenye deni.

Mzee Shabani alikuja siku ya mwisho, kofia mkononi. Ilikuwa kofia iliyoshonwa na Bi Latifa.

"Mi ndio nilibonyeza," alisema.

"Mi ndio niliandika," Nuru alijibu.

"Ulinikataza. Nakumbuka ulinikataza."

"Nilikuambia kwa mdomo tu, mzee. Kwenye kompyuta kulikuwa na swali, mi nikaliondoa."

Walikaa hivyo, kila mmoja akimnyang'anya mwenzake kosa. Hakuna aliyeshinda. Mzee aliondoka bila kuvaa kofia.

Aliporudi Gitega, Nuru hakugusa kazi ya mtu yeyote kabla ya ile. Alikifungua kile kitendo cha jumla, akaisoma mistari yake michache. Hakukuta kosa, na hilo lilimuuma zaidi. Kingekuwa na kosa angelirekebisha akapumua. Alibadilisha jina lake likawa "Marehemu wa zamani: usipeleke habari". Akaurudisha ukurasa wa swali. Kisha akaandika kingine kipya, "Amefariki leo: peleka hodi", ambacho kinamchukua kila mtu peke yake kwa jina lake, kinamwuliza katibu nani atabisha na kwa nani, hakiendi mbele bila jibu, na kinampitisha kwenye ule mlango wa Hifadhi. Ni kitendo cha polepole. Mstari wa kijani aliufuta. Mahali pake aliweka maneno ya kawaida meusi: *Ujumbe umetumwa. Piga simu kwa mbisha hodi uhakikishe.*

Ikabaki kukijaribu. Kwa kawaida mtu hutengeneza mwanachama wa uongo, akamwua, akamfufua, akamwua tena. Nuru alikuwa amewaua wengi hivyo bila hata kuwaza. Mchana ule hakuweza. Jina la mama yake lilikuwa bado pale kama Mzee Shabani alivyoliacha, halina saa, halina mahali, mtu aliyekufa nusunusu. Alitia tiki kisanduku chake. Alichagua. Ukurasa ukamwuliza nani atabisha hodi, naye akaandika Mama Salama. Ukamwuliza kwa nani. Akaandika jina lake mwenyewe, akabonyeza.

Alitaka kuona tu kama ujumbe utatoka, kisha ampigie mama wa watu amweleze asishtuke. Ujumbe ulitoka, ukafika. Alipiga simu. Ikaita, ikaita, haikupokelewa. Akapiga tena. Alijilaumu kwa kumtia mtu mzima kiwewe, akakumbuka kuwa ilikuwa siku ya soko la Makebuko, akasema pengine simu iko ndani ya furushi la vitenge na hata hajausoma. Akaendelea kupiga, akaacha, akapiga tena. Jua lilikuwa limeanza kushuka aliposikia viatu kwenye changarawe.

"Hodi hapa."

Alifungua mlango. Mama Salama alikuwa amesimama peke yake, bila furushi, bila bidhaa, mtandio umekwenda upande, vumbi la njia miguuni. Alikuwa ameshika simu mkononi.

"Mama Salama, nisamehe, nilikuwa najaribu tu programu, nimekupigia sana nikuambie..."

"Niliona unapiga. Sikupokea." Alivua viatu. "Hii habari haitolewi kwa simu."

"Lakini we unajua tayari. Ulikuwa kwa matanga."

"Nilikuwa. Mi si kichaa, Nuru. Lakini mama yako hii kazi alinipa mi, na sikuifanya. Siku ile nilikuwa nimekaa hapo chini nauza vitenge, nacheka na watu. Kaa."

"Mama Salama..."

"Kaa, mwanangu."

Nuru alikaa. Mama Salama naye akakaa, karibu kabisa, bega kwa bega, akaichukua mikono yake yote miwili akaiweka kwenye mapaja yake. Ilikuwa kweli, alikuwa na mikono ya moto. Alivuta pumzi kama mtu aliyefika kutoka mbali na habari ambayo hakuna anayeijua.

"Nuru wa Latifa," alisema. "Nimetumwa kwako. Mama yako ametutangulia asubuhi ya leo."

Nuru alikuwa na maneno ya kumjibu, maneno ya mtu mzima aliyemaliza matanga. Mdomo ulipofunguka yakatoka mengine.

"Nikiondoka sasa hivi, nitawahi kupasha maji?"

Mama Salama alimvuta kifuani, akamfunika na upande wa mtandio wake.

"Lia kwanza," alisema, na Nuru akalia.